Mahali Pasipotakiwa Kukauka

Mwaka ulikuwa elfu mbili na nne. Hapana, nasema uongo. Elfu mbili na nne mvua ilikuwa bado inakuja, ingawa kwa kusuasua kama mgeni asiyewapenda wenyeji wake. Huu ninaousema ni mwaka ule umeme ulipokuwa wa mgao nchi nzima, na picha za wagombea wa uchaguzi zilikuwa zimebanduka nusu kwenye kuta za maduka ya Chato. Basi ni elfu mbili na sita. Ndiyo, sita. Ziwa lilikuwa limekwisha kuondoka.

Nasema kuondoka kwa sababu ndivyo walivyosema watu wa pale. Hawakusema linakauka. Walisema, "Ziwa limeondoka," kama unavyosema juu ya mtu aliyetoka nyumbani bila kuaga, na hujui umfungie mlango au umwachie wazi.

Kazi yangu ilikuwa kutia mipini. Nilitoka kwetu Tinde na shoka, tezo na mzigo wa miti mikavu, nikapita vijiji hata Geita, na kutoka Geita hata Chato. Mwenye jembe lililoachia mpini ananiita, mwenye shoka ananiita, na wachimba dhahabu wananiita kwa ajili ya sururu zao. Shule nilisoma hadi darasa la nne, nikaachia hapo nilipojua kuandika jina langu na kusoma mabango ya barabarani. Lakini mwalimu mmoja niliyemtilia mpini wa jembe aliniambia kwamba ziwa lile liko juu, kwamba ukililinganisha na bahari linaipita kwa kimo cha mlima mzima. Alitaka kunifurahisha. Mimi tangu hapo sikuwa na raha. Kwetu Tinde tunajua habari ya maji: yaliyowekwa juu yana hamu ya kuteremka.

Kijiji chenyewe sitakitaja, maana wenyewe bado wapo. Kiko ukingoni, upande wa Chato. Nilikuwa nikikifikia kila mwaka baada ya mavuno, na kila mwaka nilikuwa nafikia kwa Nyamizi, ambaye watu wote walimwita Mama Doto. Alikuwa mjane wa Bujiku, mvuvi, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya maji. Mwaka huo nilipofika, nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya tambarare ya matope yaliyopasuka kama ugali uliosahauliwa jikoni. Mitumbwi ilikuwa imelala ubavu, mbali na maji. Wanawake walikuwa wanakwenda na ndoo hadi wanageuka nukta, halafu wanarudi polepole wakiwa watu tena.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu Kisukuma, kwa kuwa jua lilikuwa limeinama.

"Mwadila, Shija. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Naona mmefukuza ziwa."

"Tumelifukuza sisi? Si nyinyi watu wa Shinyanga mliotuletea mkosi! Mkiona tone la maji mnaliamkia shikamoo. Limeona aibu, limekwenda zake."

Ndivyo alivyokuwa, mwepesi wa ulimi. Alikuwa mfupi, mwenye mikono iliyopauka kwa utomvu wa viazi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza michembe: anamenya viazi vitamu, anakata vipande, anaanika juu ya mwamba, vikikauka anapeleka gulioni. Akanionyesha mwamba wake uliojaa. "Kazi yangu mimi ni kukausha," akasema. "Sasa naona jua limeniiga, linakausha hata lisivyoagizwa." Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Yalikuwa yanatazama nyuma yangu, kule matopeni.

Kesho yake niliona alichokuwa anakitazama. Nilikuwa nachonga mpini nje ya nyumba, yeye akatoka na ndoo. Akaenda hadi majini, nikamsubiri, nikachoka kumsubiri, akarudi. Hakuingia nyumbani. Alikwenda pale ulipokuwa ukingo wa zamani, mahali ambapo matete yote yalikuwa yamekauka yakawa rangi ya nyasi za paa, isipokuwa kichaka kimoja kidogo kilichobaki kijani. Akainama, akamwaga ndoo nzima polepole, akizungusha mkono kama mtu anayemnawisha mgonjwa. Akajitwika ndoo tupu, akaanza safari tena.

Alipopita nikamwuliza, "Mama Doto, unamwagilia nini? Pale hakuna mchicha."

"Namwagilia chini."

"Chini kuna nini?"

Akasimama. Akanitazama sana. "Wewe si Shija?"

"Ndiye."

"Basi nyamaza kama Shija."

Nikanyamaza, kwa kuwa nilielewa. Msukuma angeelewa, lakini wewe unayesoma labda unatoka mbali, acha nieleze. Kwetu mapacha hawachaguliwi majina. Wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Shija. Mimi nilizaliwa nyuma ya mapacha, kwa hiyo mambo ya nyumba za mapacha nayajua tangu mgongoni mwa mama. Na hakuna Doto asiye na Kulwa. Pale kijijini wote walimjua Doto wa Nyamizi, kijana aliyekwenda machimboni Geita, na hakuna aliyewahi kuuliza Kulwa yuko wapi. Hilo haliulizwi.

Kila ukoo una desturi yake. Kwa ukoo wa Bujiku, pacha mchanga akiondoka haliliwi, wala haisemwi kwamba amekufa. Inasemwa, "Amekwenda kuchota maji." Bibi wa ukoo anamweka katika chungu kipya, anamfukia ukingoni, penye unyevu, na mahali pale pasikauke. Pakikauka, yule aliyekwenda kuchota maji anarudi kumwita mwenzake amsaidie. Na aliyebaki haambiwi kamwe mwenzake amelala wapi, maana kumwonyesha ni kama kumtandikia mkeka. Nyamizi alikuwa bado msichana wakati mama mkwe wake alipomwachia maneno hayo. Miaka yote hayakumsumbua. Ziwa lilikuwa pale, nani angefikiri kwamba ziwa litahitaji msaada wa ndoo?

Mimi sisemi ndivyo ilivyo, wala sisemi sivyo. Nasema tu kwamba mama yule alikuwa na mtoto mmoja duniani, na mtoto huyo alikuwa anashuka kila siku katika shimo lenye kina kisichoonekana mwisho, akining'inia kwenye kamba. Na mahali pale palikuwa panakauka.

Kila siku maji yalirudi nyuma kidogo. Asubuhi watu walikuwa wanakwenda kutazama vijiti walivyochomeka ukingoni jana, na vijiti vilikuwa vimesimama pakavu. Wengine walisema ni ukame, wengine walisema kuna watu wa mbali wameyafungulia, wengine walisema ni Mungu, na wazee wa kanisani wakafunga na kuomba. Ng'ombe waliokwenda kunywa walizama matopeni hadi tumbo. Ziwa likaanza kutapika vitu vyake: nanga, kiatu cha mpira, sufuria za watu waliokwisha kufa. Watoto walifurahi. Nyamizi aliona vitu vile vinaletwa kijijini akawa anashika kifua.

"Shija," akaniambia siku moja, akiwa ameketi na kisu bila kumenya. "Wakifukua kila kitu?"

"Hawatafukua. Wanaokota vya juu."

"Na chungu kikipanda chenyewe? Udongo ukipasuka unasukuma vitu."

Nilichukua ndoo ya pili nikaenda naye majini.

Halafu akashikwa na homa. Mimi nilikuwa nimekwenda vijiji vya juu kutia mipini, sikujua. Jirani yake Eufrasia alimpikia uji, lakini Eufrasia hakujua habari ya kumwagilia, na Nyamizi hakuweza kumwambia. Niliporudi nilimkuta amesimama pale mahali pake, amejifunga kanga mbili kwa baridi ya homa, anatazama chini. Kichaka kilikuwa kimeanza kunyauka. Ardhi ilikuwa na ufa, mrefu, mwembamba, ungeweza kuingiza kidole.

"Nimepaacha pakakauka," akasema. "Twende Chato. Nataka simu."

Ndoo yake nayo ilikuwa imepasuka kitako. Basi tukaenda Chato, kwenye duka la Mehjabin, Mhindi Mwislamu ambaye familia yake ilikuwa pale tangu enzi za babu zake, anauza ndoo, sabuni, chumvi na vocha, na alikuwa na simu ya kukodisha. Mehjabin alikuwa mnene, mcheshi, anaongea Kiswahili cha dukani na Kisukuma cha kutaniana.

"Mama Doto! Unaumwa, na bado unatembea? Kaa. Kunywa maji."

"Nipigie Doto kwanza."

Akapiga. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Nyamizi alikuwa ameshika meza ya duka kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Mara ya mwisho haikuita kabisa.

"Atakuwa chini, mama," Mehjabin akasema. "Chini hakuna mtandao."

"Ndiyo ninaloogopa. Kwamba yuko chini."

Tukangoja pale. Wateja waliingia na kutoka. Ndoo zilikuwa zimekwisha dukani, kila mtu mwaka ule alitaka ndoo, kwa hiyo Mehjabin akamtolea karai kubwa la bati. "Hili litakufaa, tena halipasuki." Mteja mmoja alikuwa amekaa juu ya gunia la chumvi anakunywa soda, kijana mwembamba mwenye shati lililofubaa kwa vumbi jekundu la Geita. Jina lake, tulikuja kulijua baadaye, ni Selestine.

Simu ikaita. Nyamizi akaidaka kabla ya mwenye duka.

"Doto! Uko chini au uko juu? Niambie kwanza, uko juu?"

Sauti ya kijana ilisikika hata kwetu, maana alikuwa anapiga kelele. Alisema kamba ya duara lao imekatika mchana ule. Duara ndilo shimo lao la kuchimbia. Wenzake wameumia, wamepelekwa hospitali, lakini yeye hakuwamo. Alikuwa amepanda juu kula.

"Mama, nani kakwambia? Habari imefikaje huko haraka hivi?"

Nyamizi hakusema nani kamwambia. Alirudisha simu, akaketi, akalia kidogo, akachukua karai lake. Alikuwa na haraka. Njiani nilishindwa kumfuata.

Sasa sikiliza kosa lilivyoanza, kwa sababu ni kosa ambalo lingeweza kutokea kwetu tu. Pahali pengine mtu akimwona mwanamke na karai atasema anakwenda kufua, au anakwenda kuchanganya saruji. Lakini Selestine alikuwa mchimbaji. Aliona mwanamke wa ukingoni ananunua karai kubwa, anampigia simu mwanawe aliyeko kwenye dhahabu, analia, halafu anaondoka mbio. Akamfuata kwa mbali. Akamwona anachota maji, anayabeba safari ndefu kwa karai, anayamwaga mahali pamoja, pale pale, tena na tena. Kwa mtu wa Geita, maji na karai na mahali pamoja ni kitu kimoja tu: anaosha dhahabu. Alipoondoka, Selestine akaenda akachota udongo uliolowa, akausugua kiganjani. Mchanga wa ziwa lile una vimetameta. Mtoto yeyote wa ukingoni anajua kwamba si kitu. Lakini mtu aliyezoea kutafuta, akiona kinachometa huwa kiziwi.

Baada ya siku chache wakaja. Kwanza kikundi, halafu lori, halafu malori. Wenyewe huita rashi: habari ikivuma kwamba mahali fulani pametoa dhahabu, watu wanahama usiku na mchana kama nzige. Wakaja na sururu, kamba, maturubai. Wakaja wauza chapati na wauza viroba vya pombe. Tambarare ya matope ikawa soko. Kijiji hakikukataa, maana samaki walikuwa wameadimika na mwenye njaa hafukuzi wateja.

Nyamizi alitoka na kigoda chake, kisu chake na kikapu cha viazi, akaketi juu ya mahali pale. Akaanza kumenya.

Selestine akamwendea kwa adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, samahani. Umekalia mshipa wa dhahabu."

"Nimekalia makalio yangu."

Wenzake wakaangua kicheko. Selestine naye akacheka. "Mama, tunakuheshimu. Wewe ndiye uliyegundua, fungu lako lipo. Lakini ukikaa hapo tu, tutachimba kuzunguka hadi utumbukie."

"Nikitumbukia mtanivuta. Si mna kamba?"

Mimi nilifanya nilichoweza, nacho kilikuwa kidogo. Sururu zao nyingi mipini ilikuwa imelegea, wakanitolea nizitengeneze. Nilizichukua zote. Nikawaambia mti haujakauka vizuri, ukitiwa hivi utapasuka mkononi, ngojeni. Nikachonga kama mtu anayechonga kiti cha mtemi.

"Mzee, huo mpini au mimba?" mmoja akaniuliza. "Utazaliwa lini?"

"Mwanangu, mpini mbaya huvunja mkono mzuri."

Lakini si wote waliokuwa na sururu mbovu. Wakachimba kuzunguka. Kila siku mashimo yalisogea karibu na kigoda. Nyamizi alikuwa anainuka tu kwenda kuchota maji, na mimi au Eufrasia tunakaa badala yake. Eufrasia hakuuliza. Nadhani alikuwa amekwisha kuelewa, maana siku moja alikuja na ndoo yake mwenyewe, akamwaga, akaondoka. Na kila maji yalipomwagwa, wachimbaji walipigana viwiko. "Mnaona? Anaosha waziwazi!" Kwa hiyo asipomwaga panakauka, na akimwaga anawaita. Sijawahi kumwona mtu aliyebanwa namna ile.

Halafu Doto akaja.

Alishuka kwenye fuso iliyojaa wachimbaji wa Geita, kijana mpana wa mabega, sururu begani, vumbi hadi kwenye kope. Huko Geita alisikia kwamba kuna mama amegundua dhahabu ukingoni mwa Chato, akauliza mama gani, akatajiwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisalimia, au umekuja kuchimba?"

"Vyote." Hakuweza kuzuia uchungu. "Mimi natambaa chini kama fuko, wenzangu wanavunjika miguu, kumbe mama yangu anaosha dhahabu mlangoni kwake! Ulinipigia simu ukauliza kama niko chini. Mbona hukuniambia nirudi?"

"Hakuna dhahabu hapa, Doto."

"Basi kuna nini?"

Selestine aliacha hata kutafuna. Nyamizi alifungua mdomo, nikaona maneno yanafika kwenye meno na kurudi. Angesema nini? Akisema, amemtandikia mwanawe mkeka. Asiposema, watu hawa watafukua kwa sururu, na wa kwanza kupiga atakuwa Doto mwenyewe, kwa mikono yake.

"Mama, inuka," Doto akasema, kwa sauti ndogo. "Usinitie aibu mbele ya watu."

Nyamizi akamtazama Selestine badala ya mwanawe. "Wewe. Nasikia nyinyi mna sheria. Duara lina mwenyewe. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Mwenye duara ndiye anayesema nani ashuke."

"Na aliyegundua ndiye mwenye duara?"

"Ndiye."

"Basi mimi ndiye niliyegundua, mmesema wenyewe. Duara hili nampa mwanangu. Atashuka yeye peke yake. Asishuke mwingine, wala asichungulie mwingine, hadi yeye aseme. Mnakubali?"

Wakanong'onezana. Lilikuwa jambo la haki kwa sheria yao, na mtu wa machimbo anaweza kuvunja sheria zote za serikali asivunje ile. Wakarudi nyuma. Selestine akachora mstari chini kwa kisigino, akasimama nyuma yake.

Nyamizi akainuka kwenye kigoda. Akaishika sururu ya Doto, akaitupa kando, akamwekea mkononi kijiti chake cha kuchimbulia viazi.

"Usipige," akamwambia. "Chimba kama unachimba kiazi cha mbegu. Ukiona kitu, tumia vidole."

"Mama, nitachimba dhahabu kwa kijiti?"

"Wewe ulizaliwa nani?"

"Doto."

"Basi chimba kama Doto."

Sijui kama hilo lilikuwa kusema au kutosema. Doto alimtazama mama yake, akanitazama na mimi, na kicheko alichokuwa nacho mdomoni kikaanza kupotea. Akapiga magoti.

Alichimba mchana wote. Mwanzo tulimwona mgongo, halafu mabega, halafu kichwa, halafu tukawa tunaona udongo tu ukirushwa juu. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyeondoka. Watu waliokuwa wanacheza karata waliacha. Nyamizi alisimama ameshika karai tumboni kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa inacheza, sijui aliomba kwa nani, maana Jumapili alikuwa anakwenda kanisani na siku nyingine alikuwa mkwe wa mama mkwe wake.

Udongo ukaacha kurushwa.

Selestine akaita, "Oya, Doto! Vipi? Umeona rangi ya dhahabu?" Hakuna jibu. "Doto!" Nyamizi akapiga hatua moja, akasimama. Mimi nilimshika mkono, na mkono ulikuwa baridi katika jua lile. Nikafikiri, ameitwa. Mungu anisamehe, nilifikiri hivyo: ameitwa, hapandi tena.

Mkono ukatokea ukingoni mwa shimo. Halafu mwingine. Akapanda. Alikuwa na udongo hadi masikioni, na uso wake sikuweza kuusoma. Hakumtazama mama yake. Aliwatazama wenzake.

"Hakuna kitu," akasema. "Udongo wa mfinyanzi mtupu."

"Hakuna hata kidogo?"

"Nimesema hakuna."

Akachukua jembe la mtu, akaanza kufukia. Alifukia taratibu, mwanzo kwa mikono, kisha kwa jembe. Selestine alivuka mstari wake, akashika shavu. Mchimbaji hafukii dhahabu. Kama angekuwa ameona kitu asingelifukia duara, angelikalia, angelala ndani yake. Kufukia kule kuliwaambia zaidi ya kiapo. Jioni ile lori la kwanza likaondoka. Waliobaki walipekecha mashimo yao siku kadhaa, wakapata konokono, wakaondoka wakitukana. Selestine alikuja kuaga. "Mama, umetuponza," akasema. Nyamizi akampa michembe ya njiani.

Usiku ule Doto alikula alichopewa. Kulipopambazuka vizuri nilimwona anatoka na karai. Akaenda hadi majini, mbali kule, akarudi nalo kichwani, jambo ambalo mwanamume wa kwetu hulionea haya, na wanawake waliokuwa njiani wakampisha bila utani. Akafika pale, akamwaga. Akaenda tena. Alifanya hivyo hadi mvua zilipoanza, ndipo akarudi Geita. Mama yake hakumwuliza kitu, naye hakumwambia kitu. Mimi nilikuwa nawatazama wanapishana njiani, mmoja anakwenda na mwingine anarudi, kama watu wa zamu.

Duarani Doto hakushuka tena. Siku hizi ana mashine ya kusaga mahindi Geita, na mvi. Nyamizi alikufa mwaka ule wa korona, kwa ugonjwa wa kawaida wa wazee, kitandani pake, wakati ziwa lilikuwa limerudi kwa fujo hata likaingia jikoni mwake. Walimzika juu, mlimani, kwa kuwa chini palikuwa maji matupu. Mahali pale pake pako huko ndani, sijui kina gani, na hapahitaji mtu.

Nilikuwa nimewahi kumwuliza Nyamizi swali moja, akasema hajui, na kwamba hilo si lake kuuliza. Mwaka jana nilipita Geita nikakaa na Doto mbele ya mashine yake. Aliniamkia, akaniletea chai na chapati, tukaongea bei ya mahindi na magoti yangu. Halafu nikamwuliza swali lile lile. Alizima mashine, akafuta unga kwenye kope, akatazama barabarani hadi chai yangu ikapoa. Mteja akaja, Doto akaiwasha tena.

Nilimwuliza hivi: Doto mwanangu, siku ile ulipokifikia kile chungu, udongo uliokizunguka ulikuwa mkavu, au maji ya mama yako yalikuwa yamefika?